Mashine ya kufyekea majani inazima ikishapata moto, nimebadilisha plagi mara 2. Tatizo liko wapi?

#1 BabaKorosho (Mkuranga)
Wakuu, habari za leo. Nina shamba la mikorosho ekari 6, miaka yote tulikuwa tunafyeka kwa kwanja. Mwaka jana nikanunua mashine ya kufyekea ya kubeba begani, ile ya kuchanganya petroli na oili, cc 43.

Asubuhi inawaka vizuri, mvuto wa pili au wa tatu. Inafyeka dakika 20 hadi 25, inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazima. Hapo uvute kamba mpaka bega lichoke, haiwaki. Ukiilaza kivulini nusu saa inawaka kama vile haikuwa na ugonjwa. Plagi mpya mara 2. Chujio la hewa kijana wangu ananiambia analisafisha. Nataka chini ya miti pawe peupe kabla korosho hazijaanza kudondoka, maana zikidondokea kwenye majani marefu zimepotea. Picha ya kijana akiwa kazini hiyo hapo. Natanguliza shukrani.

#2 FundiPlagi (Mbeya)
Koili, mkuu. Ikiwa baridi inatoa cheche, ikipata moto cheche inapotea, ikipoa inarudi. Nimezishika nyingi za namna hiyo hapa gereji.

Usinunue kabla ya kupima. Ikizima tu, chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha silinda, vuta kamba. Cheche ya bluu yenye mlio, koili ni nzima. Nyekundu dhaifu au hakuna kabisa, koili imekwisha. Angalia pia nafasi kati ya koili na gurudumu la sumaku, isizidi sana 0.3 mm. Kadi ngumu ya jina inatosha kuwa kipimo.

#3 MwanaNewala
Fundi, umeikimbilia koili mapema mno. Kuna jambo la bure la kuangalia kwanza. Kifuniko cha tenki kina tundu dogo la kuingiza hewa. Tundu likiziba, mafuta yanavyopungua tenki linajinyonga lenyewe na petroli haiendi tena kwenye kabureta. Ukiiacha nusu saa hewa inapenya kidogo kidogo, mashine inawaka, wewe unadhani imepona kwa sababu imepoa. Ikizima, legeza kifuniko pale pale. Ukisikia "fyuu" na ikawaka, umepata jibu.

Huku kwetu mashine za kuchanganya oili tumezizoea kwa sababu ya bloa za kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Swali kwa BabaKorosho: msimu huu umeshapiga salfa? Vumbi la salfa ni laini kuliko unga wa sembe, likitulia kwenye majani halafu ukapita na mashine, chujio la hewa linajaa siku moja. Ukiona sponji ina rangi ya njano, usiniulize tena.

#4 Bi Nyasi (Arusha)
Nimeikuza hiyo picha mara tatu ili nihakikishe. Mashine haina kinga, ile plastiki inayofunika sehemu ya kukatia. Kijana hana miwani, amevaa kandambili, na nyuma yake kuna mtoto amesimama kama hatua sita hivi.

Kaka yangu, habari ya koili itasubiri. Nina vijana wanne wanaofyeka viwanja vya watu hapa mjini, na mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii mmoja wao alipoteza jicho la kushoto. Kilichompata ni kipande cha waya wa seng'enge kirefu kama kucha, kilikuwa kimezama kwenye majani. Alikuwa ameivua miwani kwa sababu ya jasho. Siku ile sikujua la kufanya, mtu mmoja akataka kukichomoa kwa vidole. Tafadhali mjue wote: kitu kikiingia jichoni kwa kasi hivyo hakichomolewi, jicho halisuguliwi, unalifunika kwa kitu kama kikombe safi kisichogusa jicho lenyewe, unampeleka hospitali akiwa ametulia.

Watu wakae mita 15 mbali. Akikaribia mtu, mashine inazimwa, si kupunguzwa tu.

#5 BabaKorosho
Dada, asante, na pole sana kwa yaliyompata kijana wako. Kinga ilikuja na mashine, kijana aliitoa kwa sababu majani mabichi yanajazana pale. Mtoto ni wa jirani. Nitazungumza nao.

MwanaNewala, salfa tulipiga, ya mwisho mwezi uliopita. Sponji nimeikagua sasa hivi, ni nyeusi na ina unjano kwa mbali. Mafuta tunachanganya kifuniko kimoja cha chupa ya maji ya kunywa kwa lita 1 ya petroli. Oili ni ile ya pikipiki.

#6 FundiPlagi
Ya pikipiki?! 20W-50?

Mkuu, hiyo oili imetengenezwa ikae kwenye injini na kuzunguka, si kuungua. Ukiichoma inaacha masizi kwenye plagi, kwenye pistoni, kwenye tundu la kutolea moshi. Hizi injini zinataka oili ya 2T, ile ya kuchanganywa na petroli na kuungua nayo, chupa imeandikwa wazi. Na kifuniko cha chupa ya maji hakifiki hata ml 10!

#7 Dogo_Kigamboni
Kitabu cha yangu kimeandikwa 50:1, yaani ml 50 kwa kila lita. Mimi natumia hivyo mwaka wa pili, haijawahi kusumbua zaidi ya moshi tu.

#8 MwalimuHesabu
Dogo, hapo umechapia. 50:1 ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Lita 1 ni ml 1000, gawa kwa 50, unapata ml 20. Wewe unaweka 20:1, ndiyo maana majirani wanafunga madirisha. 40:1 ni ml 25 kwa lita. 25:1, ambayo mashine nyingi za bei nafuu huandikiwa, ni ml 40.

Sasa turudi kwa mwenye uzi. Hata tukimpa ml 10 kamili, amekuwa akiendesha 100:1. Kama kitabu chake kinasema 25:1, injini inapata robo ya oili inayoitaka. Kwangu mimi hilo peke yake linaeleza kila kitu: pistoni inapata joto, inatanuka, inaanza kubana kwenye silinda, mashine inazima, ikipoa inaachia. Siku moja haitaachia. Bomba la sindano la ml 20 lisilo na sindano, kutoka duka la dawa, linamaliza ubishi wa vifuniko.

#9 Dogo_Kigamboni
Mwalimu nimekusoma. Kesho napunguza. Mama mwenye nyumba atafurahi.

#10 Kaskazi (Kilifi)
Ndugu zangu salaam. Mimi natunza bustani za hoteli huku pwani miaka kumi na kidogo, mashine za begani na zile za kusukuma. Nimesoma yote na naona mmeruka ekzosi. Ndani ya ekzosi za mashine nyingi pana kijiwavu kidogo cha kuzuia cheche za moto zisiruke kwenye majani makavu. Kwa oili aliyotaja hapo #5, hicho kijiwavu kitakuwa kimezibwa na masizi. Moshi ukikosa pa kutokea, injini inakabwa, na kadiri inavyopata moto ndivyo inavyozidi kulegea. Kifungue, kipige brashi ya waya, kirudishe. Usikitupe, kwa kuwa kwenye nyasi kavu ndicho kinachokuepusha na moto wa shamba zima.

Ukishatoa ekzosi utaliona tundu la silinda. Vuta kamba taratibu mpaka pistoni ipande juu na kulifunika, kisha kwangua masizi kwa kijiti cha mti, si bisibisi. Na ukiteremsha pistoni kidogo, imulike tochi. Ukiona michubuko ya kusimama, basi Mwalimu wa #8 kasema kweli.

#11 MwalimuHesabu
Kaskazi, nakubaliana nawe kuhusu ekzosi. Ila kwa wanaotaka kufuata kipimo cha #2, naomba niongeze. Cheche usiipime karibu na tundu la plagi, wala baada ya kumwaga petroli. Ukivuta kamba, tundu lile linapuliza mvuke wa petroli nje, na wewe una cheche mkononi. Ziba tundu kwa plagi ya zamani, peleka hiyo unayopima upande wa pili, futa yaliyomwagika, subiri pakauke. Binamu yangu aliungua nyusi na mkono kwa kipimo hicho hicho.

#12 FundiPlagi
Sahihi, Mwalimu. Nilipaswa kuliandika mwenyewe.

#13 Mfyekaji UK
Niko Uingereza, nafanya kazi ya bustani na kando za barabara. Nimeona kinga imetolewa, na nina wasiwasi kitu cha pili kitakachotolewa ni nailoni, ule uzi unaozunguka na kukata majani, iwekwe waya au mnyororo. Nimeona huko nyumbani watu wakifunga waya wa kukazia nondo kwa sababu nailoni inakwisha haraka. Msifanye hivyo hata siku moja. Huku kuna mtu aliuawa na pingili ya mnyororo iliyokatika kwenye kichwa cha mashine kama hizi, na Januari 2012 Umoja wa Ulaya ukaamua kupiga marufuku vichwa vya pingili za chuma kwa mashine za kubeba mkononi. Pingili ikikatika inaruka kama risasi, na kinga ya plastiki haiwezi kuizuia.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Kwenye ukingo wa kinga pana kijisu kidogo kinachokata nailoni ikizidi urefu. Ukitoa kinga, nailoni inarefuka inavyotaka. Nailoni ndefu ni mzigo mzito, injini haifikii mwendo wake, klachi inateleza, joto linapanda. Dakika 20 ndizo hizo. Kwa maoni yangu ugonjwa wa mashine na hatari ya kijana vinatokana na kitu kimoja kilichotupwa stoo.

#14 MwanaNewala
Hii ya #13 sikuwahi kuiwaza. Lakini BabaKorosho hajasema anatumia nailoni au kisu.

#15 BabaKorosho
Nailoni kwenye majani laini, kisu cha meno matatu kwenye vichaka. Nailoni ni kweli ni ndefu, inafika karibu na kiatu.

#16 Bi Nyasi
Kiatu gani, kaka? Picha inaonyesha kandambili.

#17 BabaKorosho
Dada umenibana. Buti nimemnunulia leo.

#18 Chaurembo
Nimepita tu kuwapa historia kidogo mkipumzika. Aliyebuni mashine ya kukata majani kwa nailoni ni George Ballas wa Houston, Marekani, mwaka 1971. Alipata wazo akiwa kwenye mashine ya kuoshea magari, akaangalia zile brashi zinavyozunguka na kupita kila pembe bila kukwaruza rangi. Akatoboa kopo, akapitisha nyuzi za kuvulia samaki, akajaribu. Ya kusukuma ni ya zamani zaidi, Edwin Budding, Uingereza, 1830.

#19 Kaskazi (Kilifi)
Chaurembo wewe kila uzi una historia yake, hata wa pilau uliingia hivi hivi. Ahsante lakini.

Jambo la mikorosho: nailoni haikati mti mkubwa, ila mche mchanga inauchuna gome pande zote na unakufa umesimama. Kwa miche palilia kwa jembe duara la mita moja, mashine ibaki nje ya hapo.

#20 Mnyamwezi wa Tabora
Nyuki je? Sisi wa asali tunajua mngurumo unavyowachokoza. Kabla ya kuwasha, zunguka eneo kimyakimya, angalia mashina yenye matundu, vichuguu, matairi ya zamani. Aliyevaa vizibo vya masikio hawezi kusikia wakija. Mzee mmoja kijijini kwetu alifyeka hadi kwenye shina lenye mzinga wa asili, mkanda wa begani ulikuwa umefungwa vibaya na hakuweza kuivua mashine akimbie. Tulimzika. Mkanda wako uwe na kile kifungo cha kufungua kwa mvuto mmoja, na fanya mazoezi ya kukifungua kabla hujahitaji.

#21 Bi Nyasi
Poleni sana. Hilo la mkanda nitawafundisha vijana wangu wiki hii.

#22 FundiPlagi
Kwa kuwa BabaKorosho ametaja kisu, naomba mnisikilize hapa, maana ndipo wengi wanapokosea kufunga.

Nati ya kisu kwenye mashine nyingi ina uzi wa kinyume. Unafungua kwa kuzungusha kulia, unakaza kwa kuzungusha kushoto. Nimeletewa shafti zimekatwa uzi na watu wenye nguvu walioamini wanafungua. Kwanza zima, chomoa kofia ya plagi. Kwenye giaboksi kuna kitundu, ingiza pini au bisibisi nyembamba mpaka shafti igome kuzunguka. Panga kila sahani kama ulivyoikuta, tundu la kisu likae kwenye duara lake bila kucheza, meno yafuate mshale. Nati ikianza kuzunguka kwa vidole tu imezeeka, nunua nyingine. Na TOA PINI kabla ya kuwasha. Giaboksi nayo inataka grisi kila baada ya masaa 25 hivi, kidogo tu, ukijaza inapata joto.

Wakati wa kukata: ukitazama kutoka juu, visu vingi vinazunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo fyeka kwa upande wa kushoto wa kisu, ukipeleka kutoka kulia kwenda kushoto. Upande wa mbele kulia, yaani kati ya saa 6 na saa 9 ya uso wa saa ya Kiswahili, ukigusa kisiki mashine inakurukia kwa nguvu ambayo mikono haizuii.

#23 MwalimuHesabu
Fundi, mshale mfupi unaoelekea juu kabisa ya uso wa saa sisi tunausoma saa 6, na wa kulia saa 9, kwa hiyo uko sawa. Ila kwa atakayechanganyikiwa: ni robo ya duara kuanzia mbele yako moja kwa moja hadi mkono wako wa kulia.

#24 Dogo_Kigamboni
Wakuu nje ya mada kidogo. Nikimaliza kufyeka vidole vinakuwa na ganzi hadi usiku, viwili vinageuka vyeupe asubuhi ya baridi. Ni uchovu tu?

#25 Mfyekaji UK
Si uchovu, mdogo wangu. Mtetemo huo unaharibu mishipa midogo ya damu na neva za vidole, na ukiendelea miaka havirudi kama zamani. Huku mwajiri anapimiwa: mtetemo ukifika 2.5 m/s² kwa wastani wa saa 8 lazima achukue hatua, 5 ndiyo mwisho. Punguza masaa, pumzika katikati, usikabe mpini kwa nguvu, na angalia raba za kuzuia mtetemo kama zimekatika. Onana na daktari, mwambie kazi unayofanya. Mashine yako ikitetemeka kuliko zamani, kisu hakijakaa sawa au kimepungua upande mmoja.

#26 BabaKorosho
Mrejesho, wakuu. Nimefanya haya: ekzosi nimeifungua, kijiwavu kilikuwa kimeziba zaidi ya nusu, Kaskazi hongera. Pistoni ina michubuko miwili mitatu ya kusimama upande wa ekzosi, si mirefu. Kinga imerudi, nailoni imejikata yenyewe. Sponji nimeiosha kwa sabuni, nikaikausha, nikaitia oili kidogo na kuikamua. Mafuta ya zamani nimeyatoa yote, nimechanganya 2T ml 40 kwa lita kama kitabu kinavyosema. Kijana ana buti, miwani na vizibo vya masikio.

Leo imefyeka dakika 50 bila kukohoa. Halafu ikazima. Nikalegeza kifuniko, nikasikia kama "fyu" ndogo, sina hakika. Nikapima cheche kwa utaratibu wa Mwalimu: ipo, ya bluu. Haikuwaka mpaka baada ya dakika 15.

#27 MwanaNewala
Fyu ndogo nayo ni fyu. Ni kifuniko.

#28 FundiPlagi
Mimi bado nasimama na koili. Cheche ya nje inaruka kirahisi, hakuna kinachoikandamiza. Ndani ya silinda kuna mgandamizo, koili dhaifu inashindwa hapo hapo ilipokuonyesha bluu nje.

#29 MwalimuHesabu
Na michubuko ya pistoni mmeisahau? Oili sahihi haifuti mikwaruzo. Ikizima tena, vuta kamba taratibu ikiwa bado ya moto. Ikiwa nyepesi kuliko asubuhi, mgandamizo unavuja na joto, hapo ni pistoni na ringi.

#30 Kaskazi (Kilifi)
Hata mpira wa mafuta ndani ya tenki hujaukagua. Ule wenye kichujio kizito mwishoni. Ukiwa mgumu unapasuka pale unapopita kwenye ukuta wa tenki, unavuta hewa pamoja na petroli, na injini inayovuta hewa ya ziada inaungua kwa joto. Uvute nje kwa waya uliopindwa, ukunje kwa vidole. Kabla ya kuzima, je, mlio wake unapanda wenyewe bila kugusa mpini wa mafuta?

#31 BabaKorosho
Sasa umenikumbusha. Leo kabla ya kuzima ulipanda kidogo, kijana akadhani imechangamka.

#32 Kaskazi (Kilifi)
Basi usiwashe tena mpaka uuone huo mpira.

#33 FundiPlagi
Kupanda mlio inaweza pia kuwa mafuta yanakaribia kwisha kwenye tenki. Lilikuwa na kiasi gani?

#34 BabaKorosho
Kama robo hivi. Kesho asubuhi nafungua tenki, ikiwa baridi.